Leonhard Euler na Nambari Aliyoithibitisha Gizani

Wahenga walilonga kuwa akili ni mali. Ukweli wa methali hii unadhihirika katika maisha ya Leonhard Euler, aliyezaliwa tarehe 15 Aprili 1707 mjini Basel, Uswisi. Babake, aliyekuwa mchungaji, alimtaka afuate nyayo zake kanisani. Hata hivyo, mwanahisabati Johann Bernoulli alikitambua kipaji cha kijana huyo, akamshawishi mzazi amwachie njia ya hesabu. Mwaka wa 1727 Euler alihamia St. Petersburg, Urusi, kufanya kazi katika Akademia ya Sayansi.

Mapema alionyesha kuwa hakuwa mtu wa kupokea kauli kwa sababu ya ukubwa wa msemaji. Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba nambari zote za kundi fulani ni tasa, yaani hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mnamo 1732 Euler alibainisha kuwa mojawapo, 4294967297, ni zao la 641 na 6700417. Kauli ya bingwa ikaanguka.

Masaibu hayakumpitia mbali. Mwaka wa 1738 jicho lake la kulia lilipoteza nuru. Baada ya miaka 25 mjini Berlin, alirejea St. Petersburg mwaka wa 1766, na mtoto wa jicho akaliziba jicho lililosalia. Mwaka wa 1771 nyumba yake iliteketea. Mwaka huo huo alipasuliwa jicho, akaona kwa muda mfupi, kisha giza likarejea.

Ni katika giza hilo, mwaka wa 1772, alipothibitisha kwamba 2147483647 ni nambari tasa. Nambari hii hupatikana mbili 31 zinapozidishwa pamoja, kisha 1 ikatolewa. Marin Mersenne alikuwa ameitaja kuwa tasa mwaka wa 1644, lakini hakuacha uthibitisho. Euler alionyesha kuwa kigawo chake chochote kilicho tasa, kama kingekuwepo, kingeacha baki ya 1 au 63 kikigawanywa kwa 248. Tena hapakuwa na haja ya kupita 46340, kwani nambari isiyo tasa haikosi kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili. Zikabaki nambari tasa zisizofika 100 za kujaribiwa. Hakuna hata moja iliyoigawanya. Safari hii kauli ya mtangulizi ilisimama, ila sasa ilisimama kwa ushahidi.

Euler aliendelea kutunga kichwani huku wanawe na wanafunzi wakiandika aliyoyatamka. Aliaga dunia tarehe 18 Septemba 1783, akiacha zaidi ya kazi 800. Kwa msomi wa taaluma yoyote, maisha yake ni funzo kwamba kauli hupimwa kwa hoja, wala si kwa jina la aliyeitoa.