Grzimek: Mzee Aliyewapeleka Sokwe Rubondo

Wanachuo wenzangu, kuna mchezo ulitoka Marekani mwaka 1976 unaitwa Bunnies & Burrows. Wachezaji wanakaa mezani na kete, kila mmoja anajifanya sungura wa porini. Wazo lilitokana na riwaya ya Richard Adams ya mwaka 1972, ambamo sungura wanakimbia mashimo yao kabla hayajaharibiwa na binadamu, wanakwenda kuanzisha makazi mapya kilimani. Wenzetu wanaicheza kama stori tu. Huku Kanda ya Ziwa kuna mtu aliifanya kweli, ila yeye alitumia sokwe.

Bernhard Grzimek alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 mjini Neisse, wakati huo Ujerumani, leo ni Poland. Alisomea udaktari wa mifugo. Vita ya Pili ilipoisha mwaka 1945 akakabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Mabomu yalikuwa yameichakaza na wanyama waliobaki walikuwa wa kuhesabu. Wengine waliona bora ifungwe, yeye akaijenga upya na kuiongoza mpaka 1974. Kuanzia 1956 akawa pia na kipindi cha televisheni. Alikuwa anaingia studio na mnyama mkononi, anawaambia watazamaji habari za pori, halafu anaomba mchango.

Mwanawe Michael ndiye aliyemvuta Serengeti. Mwaka 1958 baba na mwana waliruka na kindege kilichopakwa mistari ya pundamilia, wakihesabu wanyama kutoka juu. Walipata zaidi ya 360,000, na kati ya hao nyumbu walikaribia 100,000. Siku hizi nyumbu peke yao wanapita milioni moja. Tarehe 10 Januari 1959 Michael, akiwa na miaka 24, aligongana na tai angani, ndege ikaanguka, akafa. Baba akamzika ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, akaimalizia filamu waliyoianza pamoja. Mwaka 1960 filamu hiyo ilichukua tuzo ya Oscar.

Sasa tuje kwa sokwe. Kati ya 1966 na 1969 Grzimek na shirika lake la Frankfurt walileta sokwe 17 katika kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria. Walikuwa wamekamatwa Afrika Magharibi wakiwa wadogo, wakalelewa Ulaya kwenye bustani za wanyama na maonyesho. Hakuna aliyewafundisha kula matunda ya msituni wala kujenga kitanda juu ya mti. Walifunguliwa tu, wakaambiwa hapo ndipo kwenu. Madume wawili walishambulia watu, wakapigwa risasi. Waliobaki walijifunza wenyewe, wakazaa, na wajukuu wao wapo mpaka leo, sokwe wa porini kabisa, hawana habari na Ulaya. Kwa wanyama waliofugwa, hilo ni jambo la ajabu.

Lakini kiukweli Rubondo haikuwa tupu. Kulikuwa na Wazinza, wakulima na wavuvi, na serikali iliwahamisha kisiwa kilipofanywa pori la akiba. Kule Serengeti pia, Wamasai walitolewa mwaka 1959 na kupelekwa upande wa Ngorongoro. Grzimek aliunga mkono hifadhi isiyo na mtu ndani, na hakuficha msimamo huo. Kwa hiyo mtu yuleyule aliyewapa sokwe kwao upya alikuwa upande wa waliowaambia watu wafunge mizigo.

Sisi wa Simiyu hatuwezi kulisoma hili kama historia ya mbali. Bariadi, Itilima, Meatu na Busega zinapakana na Serengeti au Pori la Akiba la Maswa. Tembo akivuka mpaka usiku, mahindi ya mwaka mzima yanaisha kabla ya alfajiri, na ada ya mtoto aliyeko chuo ilikuwa humohumo shambani. Tembo naye hajui mpaka, anafuata njia ya bibi yake. Wote wawili wanadai pale ni kwao.

Grzimek alifariki Frankfurt tarehe 13 Machi 1987, na majivu yake yakaletwa Ngorongoro kuzikwa kando ya Michael. Bila kazi yake huenda nyumbu wasingekuwa wengi hivi, na kozi za wanyamapori tunazogombania zingekuwa na soko dogo. Deni hilo tulikubali. Ila wengi wetu ndio tutakaochora ramani zijazo na kuweka vigingi. Tukihesabu tembo kutoka angani, tuhesabu na kaya zilizo chini, kabla ya kuamua nani ahame.