Johann Ludwig Krapf na Maji ya Ubatizo

Wasomaji wetu wa Korogwe na Handeni walijua jina la Krapf kwa kuwa alipanda hata Vuga mwaka 1848, akaonana na mfalme Kimweri, akarudi tena mwaka 1852 kwa njia ya Pangani. Lakini safari yake ya moyoni haisimuliwi sana, nasi twaiona kubwa kuliko ile ya miguu.

Alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, Ujerumani, mtoto wa mkulima Mlutheri. Alipokuwa na miaka 17 akaingia chuo cha wamisionari cha Basel. Huko akasoma vitabu vya Jakob Böhme na vya Madame Guyon, watu waliotafuta kuungana na Mungu katika kimya cha ndani, nafsi ikiisha kufa. Basi akaingiwa na shaka kama ameitwa kweli kwenda mbali, akakiacha chuo. Tusimlaumu upesi. Ikiwa kufa pamoja na Kristo ni jambo la moyoni, mtu aweza kudhani kwamba yatosha kukaa kimya nyumbani.

Lakini wito ukamrudia, na mwaka 1837 akaenda Uhabeshi. Mwaka 1842 akamwoa Rosine Dietrich. Walipokuwa wakisafiri katika nyika ya Washoho, Rosine akazaa mtoto wa kike kabla ya wakati wake. Krapf akambatiza, akamwita Eneba, maana yake chozi. Naye mtoto akafa mara. Julai 1844, huko Mombasa, Rosine naye akafa, na binti yao wa pili akamfuata baada ya siku chache.

Luther aliandika katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 kwamba maji ya ubatizo ni ishara ya mtu wa kale kuzamishwa kila siku, na mtu mpya kufufuka. Krapf aliendelea na kazi, akafasiri Maandiko kwa Kiswahili, akahamia Rabai. Pale kiwete mmoja, jina lake Mringe, akalisikiliza Neno, akabatizwa karibu na kufa kwake. Ndiye malimbuko.

Enyi walimu mnaoandika hesabu za ubatizo, wawili hawa mngewaandika katika mistari miwili tu. Eneba hakuwa na tendo la kumletea Mungu, wala Mringe hakuwa na siku za kutenda. Utupu ule wa nafsi, ambao Krapf kijana aliutafuta vitabuni, hao walikuwa nao tayari, walipokea tu.

Mwaka 1853 akarudi Ulaya, afya yake imeharibika. Akafa Korntal mwezi wa Novemba 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Miaka 10 baadaye wamisionari Walutheri wakafika Mlalo.