Muybridge: Aliyemwezesha farasi kujipiga picha

Kwa muda mrefu watu walibishana iwapo farasi atimkapo huinua kwato zote nne kwa pamoja. Aliyekata mzizi wa fitina ni Eadweard Muybridge, mpiga picha aliyezaliwa Kingston, Uingereza, mwaka 1830 na kuhamia Marekani akiwa kijana.

Juni 1878, katika shamba la tajiri Leland Stanford huko Palo Alto, California, alipanga kamera 12 kando ya njia ya mbio, akaikatiza njia hiyo kwa nyuzi. Kila farasi alipogusa uzi, umeme ulifungua lenzi na kuifunga kufumba na kufumbua. Farasi mwenyewe, wala si mkono wa binadamu, ndiye aliyeamua wakati. Picha zilithibitisha kuwa kwato zote huondoka ardhini.

Mwaka 1882 Stanford alifadhili kitabu kuhusu utafiti huo, lakini Muybridge hakupewa sifa aliyostahili. Alishtaki, akashindwa. Hakukata tamaa, mwaka 1887, kupitia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alichapisha mabamba 781 ya picha za mwendo.

Alifariki Kingston mwaka 1904. Hadi leo, kamera nyingi za kidijitali katika maabara husubiri tukio lenyewe litoe ishara ya umeme, kama zilivyosubiri zake.