Daktari mgonjwa aliyejitengenezea jua

Jirani yangu hapa Kisugu, Kampala, mama anayeuza nyanya, kila asubuhi hupanga juu ya bati chupa za plastiki zilizojaa maji. Mwanzoni nilidhani anapasha maji ya kuoga. Kumbe anaua vijidudu! Makaa ni ghali, na kuchemsha maji ya kunywa ya familia nzima si mchezo. Nikamkumbuka Dk. Niels Ryberg Finsen.

Finsen alizaliwa mwaka 1860 katika Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya, ambako wakati wa baridi jua huchomoza kwa saa chache tu. Alisomea udaktari Copenhagen, Denmark, akahitimu mwaka 1890. Lakini tangu ujana wake alikuwa mgonjwa: utando wa ini na moyo ulizidi kuwa mnene, tumbo likawa linajaa maji. Akiota jua alijisikia nafuu. Husimuliwa kwamba alimtazama paka juu ya paa, akaona kila kivuli kinapomfikia anahamia penye jua.

Mwaka 1877 Waingereza wawili, Downes na Blunt, walikuwa wameonyesha kwamba mwanga wa jua huua bakteria. Finsen akataka uwe dawa. Kwa kuwa jua la kwao halitegemeki, alichukua taa kali ya umeme yenye vijiti vya kaboni, akakusanya mwanga wake kwa lenzi za kwatzi na kuupitisha kwenye maji ili upoe, usimuunguze mgonjwa. Muuguzi alikandamiza kioo kwenye ngozi ili damu isogee, maana damu huzuia mwanga kupenya. Kazi ya subira hiyo, siku baada ya siku, kwa miezi.

Waliotibiwa walikuwa na kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa uliokula pua na midomo hadi watu wakajificha ndani kwa aibu. Wa kwanza alitibiwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata taasisi yake ikafunguliwa. Mamia walitibiwa, wengi wakapona.

Alipotunukiwa Nobel mwaka 1903 hakuweza hata kusafiri kuipokea. Sehemu ya fedha aliipa taasisi. Alifariki Septemba 24, 1904, akiwa na miaka 43. Mwanga ulioponya wengine haukumponya yeye.

Mwaka 2005 watafiti wa Denmark walipima upya vifaa vyake. Mionzi mifupi ya urujuanimno, iliyosifiwa miaka yote, ilikuwa haipiti kwenye mitambo ile. Yaelekea mwanga wa zambarau uliamsha kemikali ziitwazo pofirini ndani ya bakteria, zikazalisha oksijeni yenye sumu iliyowaua. Tiba ilikuwa ya kweli, maelezo ndiyo yaliyokosewa.

Jirani yangu hana taa wala lenzi. Anatumia chupa angavu isiyozidi lita mbili, maji yasiyo na tope, jua la saa sita. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti kuhusu watoto wa Kimasai nchini Kenya: waliokunywa maji yaliyoanikwa hivyo waliharisha kidogo kuliko wenzao.

Kukiwa na mawingu, siku mbili. Leo Kisugu kumefunga tangu alfajiri. Chupa zitalala juu ya bati.