Mohamed Amin: Jicho lililoizidi thamani kamera yake

Wengi wanaopiga picha kwa simu za mkononi katika vichochoro vya Kibera na Kawangware huamini kwamba kinachowakwamisha ni kukosa kamera ya bei kubwa. Maisha ya marehemu Mohamed Amin, mzaliwa wa mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, yanashuhudia kinyume cha imani hiyo.

Amin alizaliwa mnamo Agosti 29, 1943. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa shirika la reli, na kazi hiyo ndiyo iliyoihamishia familia Dar es Salaam. Huko ndiko kijana huyo, angali mwanafunzi, alikopata kamera yake ya kwanza: Box Brownie iliyokwisha kutumika, iliyonunuliwa kwa shilingi 40.

Kamera ya aina hiyo ilikuwa kisanduku tu chenye lenzi moja isiyorekebishwa. Haikuwa na kipimo cha mwanga, na filamu yake ilitoa picha chache, kwa kawaida nane. Aliyekuwa nayo hakuwa na budi kuchagua mambo matatu kabla ya kubonyeza kitufe: jua liko upande gani, yeye mwenyewe asimame wapi, na kitu gani kiingie katika picha na kipi kiachwe nje. Mambo hayo matatu ndiyo msingi wa upigaji picha hadi leo, na hakuna hata moja linalouzwa dukani.

Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, Amin alianzisha kampuni ya Camerapix jijini Dar es Salaam. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa waliopiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar. Kazi hiyo ilikuwa na gharama yake. Mwaka 1966 alitiwa gerezani Zanzibar kwa karibu mwezi mmoja, na baada ya kuachiliwa akarejea Nairobi kuendeleza shughuli zake.

Mnamo Julai 5, 1969, waziri Tom Mboya alipopigwa risasi katikati ya jiji la Nairobi, Amin alifika mapema na kunasa dakika za mwisho za jitihada za kuyaokoa maisha yake. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya mpigapicha bora wa televisheni wa mwaka huo nchini Uingereza. Hapakuwa na nafasi ya kupanga taa wala kumwomba yeyote asogee. Mazoea ya kuchagua mahali pa kusimama ndiyo yaliyotenda kazi.

Hata hivyo, jina lake lilienea duniani kote kutokana na picha za Korem, kaskazini mwa Ethiopia, mnamo Oktoba 1984. Akiwa pamoja na mwanahabari Michael Buerk wa BBC, Amin alipiga picha za maelfu ya watu waliokumbwa na njaa, wakiwa wamejifunika mablanketi katika baridi ya alfajiri. Mwanga wa saa hiyo ulikuwa hafifu na mpole, nao uliwaonyesha watu hao bila kuwageuza vivuli vyeusi. Kamera ilipita taratibu juu ya umati, kisha ikazikaribia nyuso, mtu mmoja baada ya mwingine. Mtazamaji alianza kwa kuona wingi wa watu, akaishia kumtazama mama na mtoto wake.

Taarifa hiyo ilionyeshwa Oktoba 23, 1984, na kisha mamia ya vituo vya televisheni vikairusha. Ilizaa michango mikubwa, pamoja na tamasha la Live Aid lililofanyika London na Philadelphia Julai 13, 1985. Habari za ukame huo zilikuwa zimekwisha kuandikwa kabla ya hapo. Kilichoongezeka ni picha iliyomfanya mtazamaji ashindwe kugeuza uso.

Mafunzo ya kazi hiyo yanatumika vyema katika mitaa ya Nairobi. Jiji hili liko karibu mno na Ikweta, takriban nyuzi 1.3 kusini mwake, kwa hiyo jua huchomoza mnamo saa 12 na nusu asubuhi na kupanda angani kwa kasi. Mwanga mwororo wa asubuhi haudumu. Ikifika saa tatu huwa umekwisha kuwa mkali, na hurudi tu saa 11 jioni. Saa sita mchana jua huwa utosini, macho ya mtu huzama katika vivuli, na mng'ao wa mabati huifanya kamera iuchukue uso kuwa mweusi.

Dawa yake haihitaji pesa. Anayepigwa picha mchana na asimame ndani ya mlango wa nyumba yake akitazama nje. Mwanga utamfikia usoni kwa upole, na giza la chumba nyuma yake litakuwa pazia. Mawingu ya Julai, ambayo wengi huyalaumu kwa baridi, hutawanya mwanga sawasawa na kuwa rafiki wa picha za nyuso kutwa nzima.

Vivyo hivyo kuhusu mpangilio. Kabla ya kubonyeza, mpigapicha na achunguze pembe zote nne za picha. Nguzo ya stima iliyo nyuma ya mtu huonekana kana kwamba imemwota kichwani. Hatua moja kando huiondoa. Macho yakiwekwa kwenye theluthi ya juu ya picha, uso hupata uzito wake. Mtoto hupigwa picha na mtu aliyechuchumaa, ili watazamane sawa kwa sawa. Badala ya kuvuta picha kwa vidole kwenye kioo cha simu, jambo ambalo huitia ukungu, heri kusogea kwa miguu, baada ya kuomba ruhusa. Na reli inayopita Kibera, ijapokuwa mistari yake huliongoza jicho vizuri, bado hupitiwa na treni. Si mahali pa kumsimamisha mtu.

Amin mwenyewe hakuiacha kazi hata mwili ulipodhurika. Mwaka 1991, ghala la silaha lililipuka mjini Addis Ababa, likamkata mkono wa kushoto na kumuua mwenzake, mrekodi sauti John Mathai. Amin aliwekewa mkono wa bandia wa kielektroniki, akarudi kazini.

Mauti yalimfika Novemba 23, 1996. Ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia aliyopanda kutoka Addis Ababa kuja Nairobi ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na kisiwa cha Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, akiwemo Brian Tetley, mwandishi aliyeshirikiana naye katika vitabu vingi. Amin alikuwa na umri wa miaka 53. Baadaye wakfu wenye jina lake ulifundisha vijana uanahabari wa televisheni jijini Nairobi.

Kibera imepigwa picha nyingi na wageni, nyingi zikiwa zimechukuliwa kutoka mahali pa juu, ambapo yaonekanayo ni mapaa yenye kutu na watu wadogo kama nukta. Mkazi wa Kibera au Kawangware ana jambo ambalo mgeni hana: anajua ni saa ngapi jua huingia katika mlango wa jirani yake, na jirani huyo humfungulia. Akiwa na simu ya kawaida na subira ya kuungoja mwanga, anaweza kumpiga picha jirani huyo akiwa mtu mwenye jina lake, na si sehemu ya paa.