C. T. R. Wilson: Msomaji wa Mawingu

Wahenga walitufunza kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Wengi wetu huyatazama mawingu ili tujue kama tuanue nguo kambani au tuziache. Charles Thomson Rees Wilson aliyatazama kwa zaidi ya miaka sitini, na mnamo 1925 akatabiri kwamba juu kabisa ya mawingu ya dhoruba, karibu na ukingo wa anga, hutokea umeme ambao hakuna chombo kilichokuwa kimewahi kuunasa. Alifariki kabla ya utabiri huo kuthibitishwa. Makala haya yananuia kuyaangazia maisha ya mwanasayansi huyo, na kuonyesha jinsi nuru yenyewe ilivyokuja kumtolea ushahidi.

Wilson alizaliwa tarehe 14 Februari 1869 huko Glencorse, Uskoti. Babake alikuwa mfugaji wa kondoo, naye aliaga dunia Wilson akiwa na umri wa miaka minne tu. Mjane alihamia Manchester pamoja na wanawe. Kijana Wilson alidhamiria kuwa daktari, akaanza kwa kusomea biolojia. Mnamo 1888 alipata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, na huko ndiko fizikia ilikomteka. Alihitimu mwaka 1892. Hakuwa na kipawa cha jukwaani: alikuwa mtu wa haya, mpole, tena mwenye kigugumizi. Kazi yake ndiyo iliyomsemea.

Septemba 1894 alikaa kwa majuma mawili katika kituo cha hali ya hewa kilichokuwa kwenye kilele cha Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote nchini Uingereza. Asubuhi, jua lilipoyapiga mawingu yaliyokuwa chini ya kilele, aliona pete za rangi zikikizunguka kivuli chake. Uzuri huo ulimtia hamu ya kuunda mawingu yake mwenyewe maabarani. Alirejea milimani Juni 1895, na safari hii alikutana na kitisho. Dhoruba ilikuwa ikikaribia, ghafla akahisi nywele zikimsimama kichwani. Alitimua mbio kuteremka, na punde radi ikapiga. Siku hizo mbili, ya uzuri na ya hofu, ndizo zilizogawa kazi ya maisha yake: nuru ya mawingu kwa upande mmoja, umeme wake kwa upande wa pili.

Katika maabara ya Cavendish, Wilson alitengeneza chombo cha kioo chenye hewa iliyojaa unyevu. Hewa hiyo ilipopanuliwa ghafla ilipoa, na mvuke ukageuka matone. Wakati huo ilijulikana kwamba matone huhitaji vumbi la kushikilia. Wilson aliondoa vumbi lote, na bado, kwa upanuzi mkubwa zaidi, matone yakajitokeza. Mnamo 1896 alipitisha eksirei chomboni, ukungu ukawa mzito. Ilibainika kuwa mvuke ulikuwa ukizishika ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Aliendelea kuboresha chombo hicho, akifua vioo kwa mikono yake mwenyewe na kuanza upya kila vilipovunjika. Kufikia 1911 alikuwa amepiga picha za njia za chembe zisizoonekana, kila njia ikiwa uzi mwembamba wa matone. Kwa ugunduzi huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1927, pamoja na Mmarekani Arthur Compton.

Hata hivyo, radi ya mlimani haikumtoka akilini. Wilson alipima jinsi nguvu ya umeme ardhini inavyobadilika kila radi ipigapo, na kutokana na vipimo hivyo akakadiria chaji iliyobebwa na wingu. Kisha akajiuliza nguvu hiyo hufanya nini juu ya wingu. Hoja yake ya 1925 inaweza kufuatwa hata na sisi wa fasihi. Nguvu ya umeme wa wingu hupungua kadiri tunavyopanda: umbali ukiwa maradufu, nguvu hubaki thumni moja. Lakini hewa, ambayo ndiyo huuzuia umeme usipite, hupungua kwa kasi zaidi. Kutoka kilomita 30 hadi 60, hewa hubaki chini ya sehemu moja ya hamsini. Kwa hiyo pana kimo fulani ambapo mzuiaji anadhoofika kuliko mshambulizi, na hapo umeme hauna budi kupasua anga.

Wilson alifariki tarehe 15 Novemba 1959 katika kijiji cha Carlops, Uskoti. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, akiwa na umri wa miaka 87, alikuwa amechapisha nadharia yake ya umeme wa mawingu. Watu kadhaa walikuwa wameripoti tangu karne ya kumi na tisa kwamba wameona miali ikipanda juu ya dhoruba, lakini taarifa zao hazikutiliwa maanani.

Usiku wa tarehe 6 Julai 1989, John Winckler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walikuwa wakijaribu kamera ya mwanga hafifu iliyokusudiwa kurushwa kwa roketi. Walipoukagua ukanda waliona nguzo mbili za mwanga zimesimama juu ya dhoruba ya mbali. Mnamo 1994, kamera za rangi zilizobebwa kwa ndege zilionyesha kuwa mimweko hiyo ni myekundu. Mwaka uliofuata mwanga wake ulichanganuliwa rangi kwa rangi, ikadhihirika kwamba wekundu huo hutoka kwa molekuli za nitrojeni zinazogongwa na elektroni. Mimweko hiyo hutokea kati ya kilomita 50 na 90 hivi, na hudumu kwa milisekunde chache tu. Kwa kuwa haiwezekani kuweka kipimajoto wala waya mahali pale kwa wakati ule, rangi ndiyo shahidi mkuu: hutwambia ni gesi gani iliyogongwa, na kwa nguvu kiasi gani. Setilaiti ya FORMOSAT-2 iliyorushwa mwaka 2004, na vyombo vya ASIM vilivyopelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2018, vimeusoma mwanga huo kutoka juu.

Aidha, Wilson alikuwa ametabiri mwaka uo huo wa 1925 kwamba dhoruba zinaweza kuzisukuma elektroni hadi kasi kubwa mno. Mnamo 1994 ilitangazwa kwamba mimweko ya miale ya gama imeonekana ikitoka kwenye dhoruba za dunia. Setilaiti iliyoiona ilikuwa imepewa jina la Compton, yule yule aliyegawana naye tuzo.

Mwanasayansi Davis Sentman aliiita mimweko hiyo myekundu spraiti, yaani pepo wepesi wasioshikika, kama wale wa tamthilia za Shakespeare. Msomaji wa Tufani, tafsiri ya Samuel Mushi, atamkumbuka Arieli. Pengine wanaistilahi wetu wataona kwamba neno pepo linatosha.

Funzo kwetu watafiti wachanga ni bayana. Tumezoea kuipima kazi kwa makofi ya siku ya kuiwasilisha. Mwana wa mfugaji wa kondoo, aliyetatizika kutamka, aliandika jambo ambalo lilingoja miaka 64 kupata shahidi, nalo likasimama kwa sababu hesabu yake ilikuwa ya kweli.