John Law: Alitoroka kitanzi London, akakabidhiwa hazina ya Ufaransa

Januari 1720, John Law alikuwa waziri wa fedha wa Ufaransa na mmoja wa watu matajiri zaidi Ulaya. Desemba mwaka huohuo alikuwa anaikimbia nchi, huku wananchi wa Paris wakitamani kumrarua.

Kilichotokea katikati hapo ni moja ya mitikisiko mikubwa ya kwanza ya fedha duniani. Na ukikielewa, habari nyingi za kuanguka kwa mabenki na masoko ya hisa hazitakupa shida tena.

Law alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1671. Baba yake alikuwa sonara, na enzi hizo masonara ndio waliokuwa mabenki: watu waliwapa dhahabu wawatunzie, wao wakakopesha wengine. Mzee alifariki mapema, akaacha mali, na kijana akaenda London kuitumbua. Alikuwa mkali wa hesabu, na kwenye kamari ndiyo usiseme.

Aprili 1694 alipigana kwa panga na jamaa mmoja, Edward Wilson, akamuua. Akahukumiwa kifo. Akatoroka gerezani na kukimbilia Uholanzi.

Huko Amsterdam aliona kitu kilichombadilisha. Wafanyabiashara walikuwa wanalipana kupitia vitabu vya benki ya jiji, bila kubeba mifuko ya sarafu. Law akapata wazo: nchi inaweza kuwa maskini kwa sababu tu sarafu hazitoshi kuzunguka. Toa pesa ya karatasi, na watu watapata kazi. Mwaka 1705 aliandika kitabu na kupeleka pendekezo lake kwenye bunge la Scotland. Wakalikataa.

Kusema kweli, jamaa hakuwa tapeli wa kawaida. Noti iliyo mfukoni mwako leo huwezi kuipeleka benki ukapewa dhahabu, na maisha yanaenda. Law aliliona hilo miaka 300 kabla yetu.

Bahati yake ilikuja mwaka 1715. Mfalme Louis XIV alifariki, akaiacha Ufaransa imezama kwenye madeni ya vita. Mrithi alikuwa mtoto wa miaka 5, hivyo nchi ikashikwa na Philippe, Mtawala wa Orléans. Huyu alimwamini Law, na Mei 1716 akamruhusu kufungua benki.

Mwanzoni mambo yalikuwa safi. Ukipeleka noti unapewa sarafu, hakuna longolongo. Serikali ikakubali hata kodi ilipwe kwa noti hizo, na biashara ikachangamka.

Angeishia hapo. Lakini mwaka 1717 alianzisha kampuni iliyopewa haki ya biashara ya Louisiana, koloni kubwa la Ufaransa kule Marekani, kando ya mto Mississippi. Kufikia 1719 kampuni hiyo ilikuwa imemeza biashara ya India na China, utengenezaji wa sarafu na ukusanyaji wa kodi. Kisha ikabeba deni la taifa lenyewe: waliokuwa wanaidai serikali wakalipwa, wakaenda kununua hisa za Law.

Hisa iliyoanza kwa livre 500, pesa ya Ufaransa ya wakati huo, ilifika karibu 10,000 mwishoni mwa 1719. Mtaa wa Quincampoix, zilikouzwa, ulikuwa haupitiki. Wapishi na watumishi wa ndani walitajirika, na neno milionea likazoeleka midomoni mwa watu.

Sasa angalia mchezo wenyewe. Hisa uliweza kuinunua kwa kulipa kidogokidogo. Huna hela? Benki ya Law inakukopesha, dhamana ni hisa zako. Na benki hiyo, ambayo tangu Desemba 1718 ilikuwa mali ya mfalme, ndiyo inayochapa noti. Yaani mtu mmoja anauza bidhaa na pia anachapa pesa ya kuinunulia! Bei ikipanda watu wanakopa zaidi, noti zinaongezeka, bei inapanda tena.

Na Louisiana? Vinamasi, mbu na walowezi wachache wenye njaa. Dhahabu hakuna.

Mapema 1720 wajanja wakaanza kuuza hisa na kudai sarafu. Huku sokoni bei ya chakula ilikuwa inapaa, maana noti zilikuwa zimejaa kila kona. Februari Law akapiga marufuku mtu kumiliki sarafu za zaidi ya livre 500, na watoa taarifa wakaahidiwa zawadi. Kwa maoni yangu, alijimaliza hapo. Ukilazimisha watu waiamini pesa yako, ujue imani imeshakwisha.

Machi aliahidi kununua kila hisa kwa livre 9,000, akichapa noti mpya za kulipia. Mei 21 serikali ikatangaza hisa itashushwa hatua kwa hatua hadi 5,000, na thamani ya noti itakatwa nusu. Paris ikawaka. Amri ilifutwa ndani ya wiki moja, lakini wapi! Julai watu walikanyagana hadi kufa nje ya benki wakigombania kubadilisha noti ili wanunue mkate.

Law aliondoka Desemba na mwanaye wa kiume. Catherine, mama wa watoto wake, alibaki nyuma. Serikali ikaanza kuhakiki karatasi za waliopoteza, na zaidi ya watu 500,000 walijitokeza na madai yao. Wengi walirudishiwa sehemu tu. Ufaransa ilikaa hadi mwaka 1800 ndipo ikaanzisha Benki ya Ufaransa.

Yeye alimalizia siku zake Venice, akiishi kwa kamari kama alivyoanza. Alifariki Machi 1729, akiwa na mkusanyiko wa michoro na hela kidogo sana.